Harusi ni Mchezo wa Nani?

Kiswahili huwaita wanaooana bwana harusi na bibi harusi, kana kwamba sherehe ni milki yao na watu wengine wote ni wapangaji. Siku yenyewe ikifika, mambo huwa kinyume. Tarehe imepangwa na wazee, wageni wamealikwa na baba, mavazi yamechaguliwa na mashangazi, na chakula kimeamuliwa na yule aliyekilipia. Bibi harusi huketi ameinamisha macho. Bwana harusi huongozwa kama mtoto anayepelekwa chuoni kwa mara ya kwanza. Wenye jina la harusi ndio wenye sauti ndogo kuliko wote ndani yake.

Kwa muda mrefu hali hiyo haikuhitaji kutetewa. Leo vijana wanataka itetewe. Wanataka harusi inayofanana nao, yenye mizaha yao na vitu wanavyovipenda, ambayo rafiki akiingia mlangoni atasema, "Hakika hii ni yao." Swali wanaloliibua huonekana dogo, la mapambo na kadi za mwaliko, lakini ndani yake mna swali kubwa la kimaadili: harusi ni ya nani? Na ikiwa harusi ni mchezo, ni mchezo wa nani?

Katika Mudhaibi swali hili lina uzito wa pekee. Wilaya hiyo ya Sharqiyah Kaskazini, Omani, yenye mitende yake na mifereji yake ya falaj, yenye Samad al-Shan na, hadi mwaka 2022, soko la Sinaw, ipo katika eneo ambalo watu wake walivuka bahari kwa vizazi kwenda Unguja, Pemba na bara ya Afrika Mashariki. Wengi wa wajukuu zao walirudi baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, na wengine baada ya Sultani Qaboos kushika utawala tarehe 23 Julai 1970. Walirudi na kanga, na mapishi ya nazi, na Kiswahili, na namna yao ya kuoza. Kwa hiyo harusi ya familia kama hizo ni makutano ya mito miwili. Upande wa wanaume ndoa hufungwa msikitini au katika sabla, ule ukumbi wa ujamaa wa Waomani. Hunywewa kahawa, huliwa halua, na wachezaji wa razha huinua panga huku washairi wakijibizana. Upande wa wanawake kuna usiku wa hina na vazi la kijani, na humo ndani, penye bibi aliyezaliwa ng'ambo ya pili ya bahari, vigelegele hupigwa na nyimbo huimbwa kwa Kiswahili.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Kijana ni fundi wa magari wa Sinaw. Binti ni mwalimu wa hesabu. Wote wawili ni wajukuu wa watu waliozaliwa Unguja, na wote wawili wana ulimi wa utani. Wanakaa na kuipanga harusi yao. Kadi ya mwaliko itakuwa mtihani wa maswali matano, na jibu la swali la mwisho ndiyo tarehe ya harusi. Bwana harusi atafika kwa pikapu kuukuu ya babu yake, iliyozoea kubeba mbuzi kwenda sokoni, na nyuma atasimama mbuzi mmoja aliyevishwa shada. Bibi harusi hataketi juu ya kiti cha enzi cha dhahabu cha kukodi. Ataketi juu ya jamvi. Kila mgeni atategua kitendawili kabla ya kupewa halua. Ratiba ya ukumbini itakwenda kwa dakika, na wanawake wazee wataombwa wasianzishe nyimbo zao, maana zitavuruga mpango. Na mwisho, kijana akiulizwa mbele ya mashahidi kama amekubali ndoa, atanyamaza kidogo, atajikuna kidevu, na kusema, "Ngojeni kwanza nifikiri." Watu watacheka, ndipo atakapokubali.

Wazee wakiusikia mpango huo watajibu kwa maneno mawili. La kwanza ni swali: watu watasema nini? La pili ni methali: mwacha mila ni mtumwa. Maneno yote mawili yanastahili kusikilizwa, lakini yote mawili yana udhaifu.

Udhaifu wa methali, inapotumiwa hivi, ni kwamba inaichukulia mila kama kitu kizito kisichocheka. Harusi ya Waswahili haikuwa hivyo hata siku moja. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903, na ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kina kurasa nyingi za mambo ya ndoa. Pwani nzima ilijua ada zilizokuwa nusu malipo na nusu mchezo: kiosha miguu, kifungua mlango, kipa mkono. Bwana harusi alifika mlangoni pa mkewe akaukuta umefungwa na wanawake wanaocheka, akabembeleza, akapunguziwa bei, akapandishiwa tena, mpaka akatoa. Wanawake walipiga vugo, pembe za ng'ombe zikigongwa kwa vijiti, na nyimbo zake zilikuwa na mafumbo ya kumchoma aliyestahili kuchomwa. Beni, iliyozaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, iliingia harusini ikiwa na tarumbeta na vichekesho. Hata razha ya Omani, pamoja na ukali wa panga zake, ni uwanja wa washairi kutupiana changamoto mbele ya watu. Anayesema kwamba mzaha umeingia harusini jana amesahau harusi ya bibi yake.

Tena, mengi yanayotetewa leo kama mila si ya kale kama yanavyodhaniwa. Gauni jeupe linaloonekana Maskati, Unguja na hata katika kumbi za Sharqiyah lina asili ya Ulaya. Umaarufu wake ulipata nguvu kubwa baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuvaa jeupe siku ya ndoa yake, tarehe 10 Februari 1840. Keki ya ghorofa na kiti cha dhahabu vilifuata njia hiyohiyo ya kuigwa. Mzee anayemkataza mjukuu kuketi juu ya jamvi, kwa kuwa desturi inataka kiti cha enzi, ameugeuza ugeni kuwa asili na asili kuwa ugeni.

Swali la "watu watasema nini" nalo lina upande wa giza. Kwa sababu ya swali hilo watu wamekopa na wameingia katika madeni ya ukumbi, ya dhahabu na ya chakula kilichomwagwa usiku uleule. Kwa sababu hiyohiyo binti mchangamfu ameamriwa kukaa kama sanamu saa nne nzima. Sherehe isiyofanana hata kidogo na wanaooana inaweza kuwa uongo wa kwanza wa ndoa yao, na pikapu ya mbuzi, kwa uchache, haisemi uongo. Inasema: huyu ni fundi, babu yake alikuwa mfugaji, na hana haya kwa lolote kati ya hayo. Mzaha wa namna hii una maadili ndani yake, kwa kuwa unapunguza majivuno na unapunguza gharama.

Vijana, basi, wana haki ya kutosha. Lakini haki hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe unaonekana ndani ya lugha. Katika Kiswahili neno moja, kucheza, lina maana ya mchezo na ya ngoma. Na neno hilo lina vizazi vyake. Mtu hucheza, mwali huchezwa, yaani wengine humchezea ngoma mpaka avuke kutoka hali moja kwenda nyingine, na kitu huchezewa, yaani huvurugwa na asiyejua thamani yake. Kitenzi cha ndoa nacho kina ukoo kama huo. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, wazazi huoza, na wawili huoana. Vijana wa leo wamelipenda zaidi neno la mwisho, na si vibaya, kwa kuwa ndilo neno la usawa. Lakini lugha haikuyafuta yale mengine. Harusi ni mahali ambapo wawili huoana na wakati huohuo huozwa. Hucheza na wakati huohuo huchezwa. Mchezo wa zamani ulichezwa juu yao na watu wao. Mpango mpya, kwa nia njema kabisa, unataka mchezo wote utoke kwao. Kilichoongezeka si mzaha. Kilichobadilika ni mwenye mzaha.

Hapo ndipo hasara inapoweza kuingia bila kuonekana. Mcheza kwao hutunzwa, wasema wahenga, na kutunza si fedha inayobandikwa kwenye paji la uso peke yake; ni watu kukubali kwamba huyu anayecheza ni wao. Lakini ili watunze, lazima wawe ndani ya ngoma. Mgeni aliyepangiwa rangi ya nguo, mahali pa kuketi na dakika ya kucheka amefanywa mtazamaji. Atafurahi, atakula, atarudi nyumbani, na hatakuwa na deni lolote la moyo kwa ndoa aliyoitazama. Zipo harusi zenye ubunifu mwingi ambazo, zikichunguzwa, ni maonyesho ya watu wawili mbele ya watu mia tatu.

Kiswahili kina mizani ya kuupimia mzaha. Utani ni mzaha wenye njia mbili: mtani husema na huambiwa, huchokoza na huchokozwa, na hasira haina nafasi kwa kuwa kila mmoja ana zamu yake. Dhihaka ina njia moja. Mmoja hucheka na mwingine huchekwa. Kuna na mzaha wa tatu usio na jina zuri, ule wa mtu anayejichekesha mwenyewe huku wengine wakimsubiri amalize. Harusi ya utani ni ile inayoacha mlango wazi ili mama mkwe naye ajibu. Mpango ambao umekwisha kuandika vichekesho vyote, na kukataza vya wengine, si utani tena hata ukiwa wa kuchekesha namna gani.

Lipo jambo jingine ambalo mzaha wa harusi hukutana nalo mapema au baadaye, nalo ni neno la ndoa lenyewe. Mwanafalsafa wa Kiingereza J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kufa kwake, alionyesha kwamba yapo maneno ambayo kuyasema ni kutenda. Anayesema "nimekubali" wakati wa kufunga ndoa haelezi habari, anafanya jambo. Lakini Austin aliweka sharti: maneno hayo yakisemwa na mchezaji jukwaani, au kwa masihara, huwa matupu. Kwake yeye, mzaha hulitoa neno uhai.

Mapokeo ya Kiislamu yanasimama mahali tofauti. Imepokewa katika hadithi mashuhuri kwamba mambo matatu, kweli yake ni kweli na mzaha wake ni kweli: ndoa, talaka na kumrejea mke. Wanazuoni wengi wameyafuata maana yake: aliyelitamka neno la ndoa kwa masharti yake hawezi kesho kusema kwamba alikuwa akitania. Kwa mtazamo wa haraka sheria hiyo ni kali. Ikifikiriwa, ina hekima ambayo maelezo ya Austin hayakuifikia. Neno la ndoa likishatoka kinywani si mali ya msemaji peke yake. Yupo mwanamke atakayejenga maisha yake juu yake. Yupo walii aliyemtoa binti yake. Wapo mashahidi watakaoulizwa. Ikiwa nia iliyofichika ya msemaji ndiyo itakayoamua uzito wa neno, basi wote hao wanaishi kwa hisani ya mtu ambaye wakati wowote anaweza kusema, "Nilikuwa nikicheka tu." Sheria inalinyang'anya neno kwa aliyelisema na kuwapa waliolisikia.

Mzaha wa yule kijana wa kujikuna kidevu hautavunja ndoa, kwa kuwa mwishowe atakubali. Lakini kwa sekunde tano amelishika mkononi jambo lisilo lake peke yake na kulirusha juu. Mchezaji wa razha naye hurusha upanga juu na kuudaka, lakini upanga anaourusha ni wake na ukimwangukia utamkata yeye. Sekunde tano za kijana zinamwangukia mwingine: binti aliye upande wa pili wa ukuta, na baba yake aliyekaa goti kwa goti na mkwewe mbele ya watu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ajabu ya mambo ni kwamba mila, ambayo ilijaza vicheko mlangoni, njiani, jikoni na uwanjani, ililiacha neno hilo moja bila kicheko. Haikufanya hivyo kwa kuchukia furaha. Ukimya mdogo wa dakika ile ndio uliozipa kelele zote nyingine sababu yake.

Historia ya Zanzibar ina mfano wa harusi iliyokuwa ya wawili kabisa. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliondoka Unguja kwa siri mwaka 1866, na tarehe 30 Mei 1867, huko Aden, aliolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Ulikuwa uchaguzi wake mwenyewe, nao ulihitaji ujasiri ambao wachache wangekuwa nao. Lakini hapakuwa na ndugu wa kuupigia uchaguzi huo kigelegele. Mwaka 1870 mumewe alifariki, naye akabaki mjane na watoto wadogo katika nchi ya ugeni. Alirudi Zanzibar mwaka 1885 na tena mwaka 1888, na hakupata suluhu na ndugu zake waliokuwa wakitawala. Hakuna haja ya kumhukumu, wala wao. Kisa chake kinaonyesha tu kwamba watu wanaokosekana harusini hawakosekani siku moja.

Ncha ya pili ipo Omani yenyewe, katika harusi za pamoja, ambapo wanaume kadhaa hufunga ndoa katika sherehe moja ili kupunguza gharama. Huketi safu moja, kila mmoja na joho lake, kilemba chake na jambia lake, na mtu akiwatazama kwa mbali hawezi kumtambua mmoja na mwingine. Hapo nafsi ya mtu haionekani hata kidogo, na bado furaha ipo, kwa kuwa kila mmoja ameweza kuoa bila kuzama katika deni. Sherehe hiyo inawakumbusha wapenda ubunifu kwamba kufanana na nafsi yako si sharti la kuwa na furaha. Nayo inawakumbusha wazee kwamba jamii iliyokubali kuibadilisha harusi kwa sababu ya gharama haiwezi kudai kwamba harusi haibadiliki.

Kati ya ncha hizo mbili, Mudhaibi ina somo lililokuwa likipita mbele ya macho ya kila mtu kila siku. Maji ya falaj, ambayo mifano yake mitano nchini Omani iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006, kwanza huwa ya kunywa kwa watu wote, kisha hupita msikitini na penye kuogea, ndipo huingia mashambani kwa zamu. Zamani zamu ilipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Zamu ya mtu ikifika, maji ni yake kweli: apande mtende, apande limau, apande kitu ambacho jirani hajawahi kukiona. Hakuna anayemuuliza. Asichoruhusiwa ni kuuziba mfereji. Harusi ni zamu ya namna hiyo. Siku ile ni ya wawili, na shamba ni lao. Lakini yale maji yalipita kwa wengine kabla yao na lazima yapite kwa wengine baada yao.

Kwa mizani hiyo mpango wa fundi na mwalimu unaweza kupimwa bila hasira. Kadi ya mtihani ipite, mradi babu asiyejua hesabu atumiwe mjukuu wa kumsomea jibu, na hapo kadi itakuwa imezaa ziara. Pikapu ipite, na mbuzi wake. Jamvi lipite, na lirudi kwa heshima. Kitendawili kabla ya halua kipite kwa shangwe, kwa sababu anayetegua ni mgeni. Huo ni utani wenye njia mbili, na huenda bibi wa miaka themanini akawashinda walimu wote ukumbini. Lakini "ngojeni nifikiri" ibaki nje ya mlango. Na katazo la nyimbo lifutwe.

La mwisho ndilo zito kuliko linavyoonekana. Katika nyumba nyingi za Omani Kiswahili kimekuwa lugha ya bibi: wajukuu wanakielewa, wanajibu kwa Kiarabu. Sokoni hakina kazi kubwa, shuleni hakina nafasi. Harusi ni mojawapo ya mahali pachache ambapo bado kinatakiwa, ambapo mwanamke aliyevuka bahari akiwa na watoto mikononi ana kitu ambacho hakuna mwingine anayeweza kukifanya kwa niaba yake. Ratiba ya dakika kwa dakika ikimnyamazisha, haimnyimi wimbo tu. Inamwambia kwamba zamu yake imekwisha, naye yungali hai na yuko pale, amekaa kwenye kiti cha mbele.

Sabla ambamo ndoa hufungwa ndimo watu hukaa kupokea rambirambi. Wanaokunywa kahawa ya harusi leo ndio watakaokunywa kahawa ya msiba siku yoyote Mungu atakayoipanga, katika ukumbi uleule, pengine kwenye mkeka uleule. Wawili wanaopanga harusi yao wana haki ya kuwachekesha watu hao kwa namna yao wenyewe, na heri yao wakifanikiwa. Watu hao nao wana haki ya kuwachezea ngoma wanayoijua.